Mshtakiwa Mwenye Soksi Nyeupe

Zuhura alinipigia simu kuniambia mama yake amefariki na ameshazikwa, maana kwao mazishi hayangoji mtu. Nilisafiri mwishoni mwa wiki kwenda kumpa pole. Nilishuka Jogoo Road, nikapita nyuma ya mahakama ya Makadara, nikakata kona palipokuwa na muuza makaa na sasa pana duka la simu, na nyumba nikaijua kwa mlango wake wa kijani kabla sijaisoma namba. Nilivua viatu kizingitini kama nilivyovivua mwaka mzima wa tisini na tisa. Mguu ulipokanyaga zulia nilitaka kulia, na haikuwa kwa ajili ya Mama Zuhura peke yake. Kabati la vioo lilikuwa palepale, na ndani yake vile vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kustahili kuvinywea. Vitambaa vya kufuma vilikuwa bado kwenye migongo ya makochi. Kwenye ukuta ambapo zamani palikuwa na televisheni nene ya mgongo, sasa palining'inia runinga bapa inayochukua nusu ya ukuta, imezimwa kwa sababu ya msiba. Zuhura alinikalisha mahali nilipokuwa nikikaa zamani, chini ya dirisha. Sidhani alifanya makusudi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda. Matokeo yalikuwa yametoka, hayakuwa mabaya, lakini chuo kilikuwa cha watu wengine. Nilikuwa nikiamka, ninafua, ninapika, halafu adhuhuri ninavuka uchochoro kwenda kwa Mama Zuhura. Huyo mama alikuwa mjane mwenye akili ya biashara. Nduguye alimletea mashine ya gemu kutoka Dubai, naye badala ya kuwapa watoto wake waiharibu bure, akageuza sebule kuwa ukumbi. Masharti yake yalikuwa mafupi. Viatu nje. Matusi nje. Adhana ikilia, sauti ya televisheni inakatwa, hata kama uko golini na kipa ameshaanguka. Mashine yenyewe ilikuwa imechoka, haikukubali kusoma diski mpaka uilaze kichwa chini miguu juu, na Mama Zuhura alikuwa akiifunika kwa kitambaa ikipumzika, kama unga wa mandazi. Asubuhi vijana wenye mwili walikuwa Industrial Area wakisimama kwenye malango ya viwanda kusubiri kuchaguliwa kwa kibarua. Waliokosa walirudi kwa miguu, wakanawa, wakaja kwetu. Harufu ya sebule ile ilikuwa ya soksi, kaimati na mafuta ya mashine, na mimi mpaka leo nikinusa kaimati za moto huvuka upande wa pili wa barabara.

Wafula alikuwa mmoja wa hao waliokosa. Tulisoma pamoja tangu tukiwa wadogo, akanizidi kwa hesabu, nikamzidi kwa kila kitu kingine. Alikuwa mrefu, mkimya barabarani, lakini ukimpa hadhira alifunguka. Nilimpenda. Naandika hivyo bila kupamba kwa sababu nimefika umri ambao hakuna atakayenicheka, na waliokuwa na haki ya kunicheka wengi wameshakufa. Yeye alijua, nadhani. Hakuwahi kulisema, wala hakuwahi kuninyima nafasi karibu naye kwenye zulia.

Gemu lililotuunganisha hakuna mwingine aliyelitaka. Vijana walipenda mpira na ngumi, ambapo wawili wanapigana na aliyeshindwa anapisha. Hili lilikuwa la mtu mmoja, muuaji wa kukodiwa, anayepenya kwenye majumba ya wakubwa kumwua mtu mmoja tu na kutoka bila kuonekana. Ukikimbia, unasikika. Ukiua mlinzi ukamwacha uwanjani, mwenzake anamkuta na king'ora kinalia. Diski ilikuwa ya kunakili, imenunuliwa mjini, na maandishi yake yote yalikuwa ya lugha ya mbali, herufi kama vijumba vidogo vilivyopangwa. Hakuna aliyejua muuaji ametumwa na nani wala kwa nini. Wafula alishika vidude vya kuchezea, mimi nikawa macho. Nilikuwa nakariri njia za walinzi, nani anageuka wapi, nani anasimama kuwasha sigara.

"Ngoja. Usitoke bado, huyo wa bunduki anarudi."

"Manze, nimengoja sana, Achi."

"Ngoja tu. Haya, sasa. Pita na ukuta. Ukuta, Wafula!"

"Nimeona, nimeona. Wee ni kama mathee wangu."

Kasoro ilikuwa moja. Wafula hakuweza kumwua mtu ambaye hakujua kosa lake. Alikuwa akifika nyuma yake, kamba mkononi, anasita. "Mimi siui msee bure," alisema siku moja, na vijana wakapiga kelele kwamba ni gemu, aue, wengine wanangoja zamu. Hapo ndipo alipoanza kusoma kesi. Sisi watoto wa mtaa ule tulikulia mgongoni mwa mahakama. Wakati wa likizo tulikuwa tukiingia kukaa viti vya nyuma, kimya, kusikiliza wapika chang'aa na wachuuzi wakisomewa mashtaka, na tuliyajua maneno yale kuliko sala. Basi Wafula alisimamisha muuaji gizani, akanyoosha mgongo, akatoa sauti ya karani wa mahakama. "Mshtakiwa, simama. Unashtakiwa kwamba wewe, ukiwa nyapara wa kiwanda, uliwapanga vijana kwenye jua mpaka saa nne, ukawachagua wa nyumbani kwenu peke yao. Ni kweli au si kweli?" Sebule nzima ikaitikia, "Kweli!" Ndipo akamnyonga.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuawa bila kesi. Wote walioishi kwenye yale majumba ya kifahari walikuja kushtakiwa kwa dhambi za Eastlands. Kulikuwa na mwenye nyumba aliyeng'oa mabati mvua ikinyesha. Kulikuwa na mwalimu mkuu aliyewapanga wasichana kwa mapaja. Ukumbi ukisema "Si kweli," Wafula alikuwa akimwacha mtu wake apite, halafu hatua ya gemu haikuweza kuisha, na ilimbidi azunguke tena na shtaka jipya. Mara moja Mama Zuhura mwenyewe alichungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko, akamwona mnene mmoja mwenye kofia, akasema, "Huyo mwacheni, anafanana na marehemu kaka yangu." Mnene akaachiliwa huru, na hatukumaliza hatua ile siku tatu. Hata vijana wa mpira walianza kuacha zamu zao ili wasikilize. Sijawahi kuona haki ikitendeka kwa raha namna ile, na nimekaa mahakamani miaka mingi.

Yule mtu alianza kuja mvua ndefu zilipoanza. Alikuwa sanse, askari wa nguo za kiraia, na hakuna mtoto mtaani ambaye hakumjua kwa koti lake refu la ngozi. Jina lake hakuna aliyelijua. Siku ya kwanza alivua viatu kizingitini kama sisi wote, viatu vyeusi vya kamba, akavigeuza vikaangalia nje, akaingia na soksi nyeupe safi kama za mtoto wa ubatizo. Ndiyo maana tukamwita Soksi, kwa siri. Alipoketi kwenye zulia koti lilifunguka na tukaona bastola. Wiki chache kabla ya hapo kijana mmoja wa mtaa wetu, Kamaa, alikuwa amepigwa risasi nyuma ya banda la muuza makaa, amelazwa kifudifudi, mikono kichwani. Muuza makaa aliliona lile koti, na akasema kwa sauti ya chini kwa kila aliyenunua makaa, na mtaa mzima ulipika kwa jiko la makaa. Nilimfuata Mama Zuhura jikoni nikamwuliza kwa nini asimfukuze. Alikuwa akikoroga shira. "Achieng mwanangu," akaniambia, "mtu akivua viatu mlangoni kwa adabu, mimi nitamfukuza kwa lipi?"

Soksi alitaka lile gemu letu na si jingine. Ungedhani angekuwa hodari, kazi ilikuwa ni yake. Hakuwa. Hakuwa na subira ya kusimama ukutani, alikuwa anatoka wazi na kufyatulia risasi walinzi, watumishi, hata mbwa, mpaka king'ora kilie na skrini iwe nyekundu. Kisha anampa Wafula vidude. "Kijana, nipitishie hapa." Wafula alikuwa anampitishia. Kwa siku kadhaa hakusoma kesi Soksi akiwepo, aliua kimyakimya, nami nikashukuru. Lakini Soksi alikuwa ameshasikia habari zake. "Mbona husomi? Nimeambiwa wewe ni hakimu hapa. Soma tusikie." Akasoma, mashtaka ya nyapara, ya mwenye nyumba. Soksi alikuwa akicheka mpaka machozi, akiitikia "Kweli!" kwa sauti kuliko wote. Alikuwa na kicheko kizuri. Hilo nalo sijamsamehe.

Halafu tukafika hatua mpya. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sebule imejaa, kaimati zinapita kwenye sinia. Mlango wa jumba ukafunguka kwenye skrini na mtu wetu wa kuuawa akatoka amevaa koti refu jeusi la ngozi. Kila mmoja alitazama skrini kwa nguvu ili asitazame kwingine. Niligusa goti la Wafula. Nilimaanisha ua tu, pita. Yeye alinyoosha mgongo. Nimejiuliza miaka yote kama alikuwa ameamua tangu zamani au kama ni ile sauti ndiyo iliyomchukua, maana akishaanza kusoma alikuwa mtu mwingine. "Mshtakiwa, simama. Jina lako halijulikani. Unashtakiwa kwamba, nyuma ya banda la makaa, ulimpiga risasi kijana aliyekuwa amelala kifudifudi, mikono kichwani, naye anakuomba. Ni kweli au si kweli?"

Hatukuitikia. Zuhura alikuwa amesimama na sinia, nami nilisikia shira ikidondoka kwenye zulia. Soksi alitazama huku na huku, uso wake una furaha ya mtu aliyealikwa kwenye harusi. "Mbona mmekuwa mabubu? Hakimu ameuliza." Akachukua kaimati kwenye sinia. "Basi nitajibu mimi. Si kweli," akasema, na akamgonga Wafula begani. "Lakini ua tu. Si ni gemu?" Wafula akapita na ukuta bila mimi kumwelekeza, akafika nyuma ya lile koti, akaua. Hakuna king'ora kilicholia. Soksi akapiga makofi, akaenda mlangoni, akafunga kamba za viatu vyake polepole, na akasema bila kugeuka, "Una sauti, kijana. Utafika mbali."

Mama Zuhura alimvuta Wafula jikoni siku hiyohiyo. Niliwasikia kupitia pazia.

"Nenda kwenu Bungoma. Leo. Nitakupa nauli, usibishane na mimi."

"Mathee, nimeahidiwa pale kiwanda cha sabuni. Wananichukua jumla, si kibarua tena. Nikienda sahii nafasi inachukuliwa."

"Kazi itapatikana, Wafula. Wewe utapatikana wapi?"

"Alicheka, mathee. Si umemwona? Jamaa alicheka."

Hakwenda. Alikuwa akingoja ile kazi ya kudumu tangu amalize shule, na mtu aliyengoja kiasi hicho haachi lango likiwa linafunguka. Alipigwa risasi asubuhi moja karibu na kiwanda hicho cha sabuni, alikokuwa amepanga foleni ya vibarua. Mwenzake mmoja wa foleni alikuja kwa Mama Zuhura mchana, akakaa kwenye zulia, akasimulia. Gari lilisimama. Soksi akateremsha kioo akaita, "Hakimu! Njoo." Wafula akatoka kwenye foleni, mkononi ana mfuko wa karatasi wenye ovaroli yake, na wengine wakabaki wakitazama chini. Yule mwenzake alimaliza kusimulia, akakataa chai, na kabla ya jua kuchwa alikuwa ameshahama mtaa. Sikumwona tena. Redio ilisema jambazi sugu ameuawa akiwa na bastola. Ile ovaroli ilirudishiwa mama yake imekunjwa vizuri, na bado haikuwa na lebo ya kiwanda kifuani.

Nilimsindikiza mama yake Wafula kituoni kwa sababu yeye Kiswahili chake kilikuwa kizito na uchungu ulikuwa umemaliza hata hicho. Askari wa mapokezi alitusikiliza vizuri tu. Akauliza afisa tunayemlalamikia anaitwa nani. Mama Wafula akanitazama. Nikasema tunamjua kwa jina la Soksi. Askari akawageukia wenzake. "Kuna Soksi hapa?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, soksi ziko sokoni, jozi jozi." Yule wa mapokezi akafuta kicheko mdomoni, akatuambia kwa upole, kama mtu anayetusaidia, "Bila jina hatuwezi kuandika. Nendeni mlete jina." Tulirudi kwa miguu. Mama Wafula hakulia njiani. Aliniuliza mara moja tu, "Nyinyi mlikaa naye chumba kimoja miezi yote hiyo, na hamkumwuliza jina?"

Mazishini mchungaji aliwaombea vijana waache michezo ya mauaji inayofundisha ujambazi. Mtaa mzima ukasema amina. Wanawake waliojua ukweli wote, waliopikia makaa ya yule muuza makaa, walisema amina. Ni rahisi kulaumu diski. Mama Zuhura aliichomoa mashine, akaitia ndani ya sanduku chini ya kitanda, akaanza kuuza mandazi mlangoni. Mimi nilifanya mtihani wa kazi serikalini mwaka uliofuata, nikaajiriwa kuwa karani wa mahakama, mbali na Nairobi. Kila siku ya kazi ninasimama na kumsomea mtu shtaka lake. Watu husema nina sauti nzuri ya kusomea. Nimewasomea wezi wa kuku na wauza bangi, mtoto aliyeiba simu, mwanamke aliyepika pombe ili alipe karo. Kila mmoja ana jina kamili juu ya karatasi, maana bila jina hakuna kesi. Huwa nawasomea nikiwa na hasira ambayo haiwahusu, na nadhani wengine huiona.

Hayo yote nilikuwa nayo kifuani Jumamosi ile, Zuhura ananimiminia chai, anasimulia jinsi mama yake alivyoomba maji na kulala. Mwana mkubwa wa Zuhura alikuwa ameegemea mlango. Hodi ikapigwa. Mzee aliingia na fimbo, amenyooka kiasi, kichwa cheupe, koti la suti lenye beji ya kanisa. Watu wa uchochoroni walikuwa wakimsalimia kwa heshima. Alijishikilia kwenye ukuta akavua viatu vyeusi vya kamba, akavigeuza kwa fimbo vikaangalia nje, na akaingia na soksi nyeupe. Kikombe changu nilikiweka chini. Zuhura hakumtambua, alimkaribisha kama mgeni mwingine wa msiba. Mzee alitoa pole ndefu, nzuri, akimtaja Mungu mahali pake. Kisha akatazama ukutani. "Hapa palikuwa na gemu zamani, mnakumbuka? Nilikuwa napitia hapa. Marehemu alikuwa na kaimati tamu." Akacheka kile kicheko. "Palikuwa na kijana mmoja, alikuwa anasoma kesi kabla ya kuua. Sauti kama ya mahakama kweli! Sijui yule aliishia wapi."

Mkono wa Zuhura ulisimama na birika hewani. Nilimtazama mzee usoni nikitafuta kama anatucheza au amesahau, na sikuona kitu, uso ulikuwa safi. Nafikiri alikuwa amesahau. Nilichukia hivyo kuliko kama angekuwa anatucheza. Nikasikia sauti yangu, tulivu, ya kazini.

"Mzee, samahani, jina lako kamili sikulipata."

Akanitajia. Majina matatu, moja baada ya jingine, kwa fahari ya mtu aliyestaafu vizuri, na akaongeza kwao ni wapi ili nimjue zaidi. Niliyarudia polepole, akaitikia kwa kichwa kwamba nimeyapata sawasawa. Nikasimama.

"Mshtakiwa, simama."

Alicheka kwanza, akajipiga kofi gotini, akifikiri ninamkumbusha mchezo. Nikataja majina yake matatu. Nikasema mwaka, nikasema asubuhi, nikasema foleni ya kiwanda cha sabuni. Nilipofika kwenye mfuko wa ovaroli, kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliokota fimbo, akaenda mlangoni bila kuaga, akajishusha kizingitini kwa shida ili avae viatu. Magoti yake hayakupinda vizuri na vidole vilikuwa vinakosa kamba. Mwana wa Zuhura aliinama kumsaidia, maana kijana wetu ana adabu. Zuhura akamshika mkono.

"Mwache avae mwenyewe."

Nilienda nikasimama juu yake. Sheria inataka mshtakiwa asomewe kwa lugha anayoielewa, polepole, mpaka mwisho, na kamba za viatu zilinipa muda wote nilioutaka. Nikamsomea ya Wafula, kisha nikamsomea ya Kamaa. Watu wa uchochoroni walikuwa wameanza kusimama. Kiatu cha kulia alikuwa amekifunga, cha kushoto kilikuwa bado kinamshinda.

"Ni kweli au si kweli?" nikamwuliza.